Mwalimu Aliyekuwa Ua la Alizeti

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa ua la alizeti. Ukigusa duara dogo lililokaa kando ya ujumbe wake, ua hilo lilikua likajaza kioo cha simu: petali za njano, moyo mweusi, na nyuma yake kipande cha anga la Ufipa katika siku isiyo na wingu. Katika kundi letu la mtandaoni walikuwamo watu wa Dodoma, wa Mwanza, wa Dar es Salaam, na wote walimfahamu hivyo. Sura yake tuliijua sisi wachache aliotufundisha shule ya msingi, pamoja na wale walioishi naye mtaa mmoja hapa Sumbawanga. Naanza na ua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi aliondoe.

Jina lake sitalitaja, wala mtaa wake, wala timu aliyoipenda. Msomaji anaweza kudhani kwamba nafanya hivyo kwa heshima. Heshima ipo, lakini woga ni mkubwa kuliko heshima. Kila ninapofika mahali panapodai jambo la kumtambulisha, vidole vyangu husita, nami hujiuliza ni nani atakayesoma na atalifanyia nini. Zamani sikuwa na mazoea ya kujiuliza hivyo. Nimeyapata kwa gharama yake.

Kundi liliitwa Jukwaa la Ufipa, nami nilikuwa msimamizi wake. Lilikuwa la mashabiki wa mpira wa miguu, na kama ilivyo kila mahali nchini tuligawanyika pande mbili. Nitaziita timu yetu na timu ya upande wa pili, na itatosha. Mwalimu alikuwa wa timu yetu, tena wa kupindukia. Alikuwa mama mstaafu, aliishi peke yake, na mchana wa siku ya mechi alizima redio saa moja kabla, ati ipumzike.

Aliandika kwenye simu kama alivyoandika ubaoni: herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni, aya moja kwa wazo moja. Wakati sisi tukirusha vipande vya maneno na vikatuni vya kucheka, yeye aliweza kukaa kimya nusu saa akiandaa jibu, na lilipotokea lilikuwa barua kamili. Na barua hiyo, hata iwe ya kumsulubu mtu, ilianza na salamu. Kwetu Ufipa mtu anayemsalimu mkubwa wake huchuchumaa kidogo na kupiga makofi ya polepole, viganja vikiwa vimekunjwa ili sauti iwe nzito na ya chini. Mwalimu alikataa kuamini kwamba simu inamwondolea mtu wajibu huo. Aliweka alama ya mikono inayopiga makofi, akauliza habari za nyumbani kwa huyo mtu, habari za kazi, habari za mvua huko aliko. Kisha akasubiri ajibiwe. Alipojibiwa, ndipo alipomshukia.

Aliyeshukiwa mara nyingi zaidi alikuwa kijana mmoja tuliyemwita Fundi Simu, kwa sababu alitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Yeye alikuwa wa upande wa pili, na ulimi wake haukuwa na breki. Nakumbuka asubuhi moja Mwalimu alimwandikia hivi: "Fundi, habari za asubuhi. Mama watoto hajambo? Baridi ya leo imewafikaje hapo kibandani? Ukishanijibu haya, nitakuja kwenye ule upuuzi wako wa jana kuhusu penalti."

Fundi Simu akajibu: "Shikamoo Mwalimu. Mama watoto hajambo, watoto hawajambo, baridi haijambo, na penalti yetu nayo imeamka salama, inawasalimu."

"Marahaba. Penalti iliyotolewa na mtu mwenye filimbi ya kuazima haiwezi kuwa salama. Keti nikufundishe."

Na kweli alimfundisha, aya nne. Watu wa mikoa mingine walikuwa wakiingia Jukwaani kwa ajili ya mabishano ya hao wawili tu. Hatimaye nikaigeuza tabia yake kuwa sheria: hakuna kumpinga mtu kabla hujamsalimu naye hajaitikia. Ilikuwa ajabu kuona jinsi sheria hiyo ilivyopunguza matusi. Mtu akishauliza habari za mtoto wako aliyekuwa na homa, anashindwa kukuita mbwa sentensi inayofuata. Nilijivunia jambo hilo kama vile nimelibuni mimi.

Nisije nikamchora kama malaika. Mwalimu alikuwa mshindwa mbaya. Timu yetu ilipofungwa alitoweka siku tatu, na aliporudi alisema mtandao ulikuwa umesumbua, wakati sote tulijua kwamba mtandao wa Sumbawanga siku hizo ulikuwa mzuri kabisa. Alituadhibu kwa makosa ya tahajia hata tulipokuwa msibani. Darasani, enzi zetu, fimbo yake haikuwa ya mapambo. Na alikuwa na utani mmoja ambao sasa siwezi kuukumbuka bila kusikia baridi mgongoni.

Kila Mtanzania anajua watu wanavyosema wakisikia unatoka Sumbawanga. Chuoni niliusikia utani huo tangu siku ya kwanza: wenzangu waliondoa viatu vyao karibu na kitanda changu, wakaniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Wapo wenzetu waliojifunza kusema wanatoka "Rukwa", au "karibu na Mbeya", ili wasiulizwe. Sisi husema kwamba jina la mji lenyewe, kwa Kifipa, ni amri ya kuutupa uchawi. Wenzetu wa nje wamelisikia neno la pili tu, wanga. Mimi utani huo uliniumiza. Mwalimu yeye aliuokota na kuutumia kama jiwe lake. Kila kabla ya mechi kubwa aliwaandikia wa upande wa pili: "Msisahau mnacheza na watu wa wapi." Kundi zima lilicheka. Wa upande wa pili walijibu kwamba wamekwisha nunua chumvi ya mawe ya kujikinga. Ulikuwa utani wa ua la alizeti, na ua haliogopwi na mtu.

Sasa niseme kuhusu macho yake.

Macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu. Alipika kwa kuni maisha yake yote, katika jiko dogo la nyuma ya nyumba lisilokuwa na dirisha la maana, na miezi ya Juni na Julai, upepo wa uwanda wetu unapokata masikio, alikaa humo asubuhi nzima akiota moto huku akisahihisha madaftari. Nilipomletea habari za jiko la gesi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema maharage ya gesi hayapikwi, yanachemshwa tu. Hospitalini walimpa dawa ya matone, alikuwa akiisahau. Sisi tuliokua mbele yake hatukuyaona macho hayo kuwa mekundu. Yalikuwa macho ya Mwalimu tu, kama vile kengele ya shule ilivyokuwa rimu ya gari na hakuna aliyeshangaa.

Yeye lakini alijua. Alijua yanavyoweza kusomwa na mtu asiyemfahamu, maana katika nchi yetu wazee wameuawa kwa sababu ya macho ya namna hiyo, nasi sote tumewahi kusikia habari hizo redioni, tukapunguza sauti. Ninayo picha ya darasa letu la nne. Watoto tumepangwa safu tatu, na nyuma kabisa, kati ya vichwa vya wavulana wawili warefu, kinaonekana kilemba cha bluu. Kilemba hicho ndiye Mwalimu. Niliwahi kumuuliza kwa nini alijificha. Alinijibu: "Mimi nikikutana na mtu namsalimu, na mpaka aje kuniangalia vizuri ameshanijua. Picha inaangaliwa kabla haijasalimia."

Nilidhani ni maneno ya mtu wa zamani.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na cheti cha maendeleo ya jamii na imani kubwa kwamba ubaya wa mitandao unatokana na watu kujificha. Niliona matusi yote yakitoka kwa akaunti zisizo na nyuso, zenye picha za simba, za magari, za wachezaji wa Ulaya. Nikaamini kwamba mtu akiweka sura yake ataona haya. Bado sidhani kwamba nilikosea kabisa, na hilo ndilo linalonitisha: kwamba mtu anaweza kuwa na wazo zuri, akalitumikia kwa moyo safi, na likamkabidhi mwenzake mikononi mwa watu wabaya. Niliandika sheria mpya ya Jukwaa: kila mwanachama aweke sura yake. Wakatii wote, isipokuwa mmoja.

"Msimamizi," akaandika Fundi Simu, "shikamoo sikupi kwa sababu tunalingana. Habari za leo? Naomba kuuliza, sheria yako inasoma watu wote au inarukaruka? Mbona humu kuna ua linatutukana?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Jumamosi asubuhi. Alikuwa uani, akiondoa magugu kwenye mistari yake michache ya alizeti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimu au kunipiga picha?"

"Vyote, Mwalimu."

"Anza na kimoja."

Nikachuchumaa, nikapiga makofi kama alivyotufundisha. Akaitikia. Ndipo nikaeleza, kwa maneno mengi ya chuoni, habari za uwazi na uaminifu na kwamba kiongozi huonesha njia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo picha itafika wapi?"

"Haitatoka kundini. Kule tunajuana."

"Unawajua wote?"

"Nawajua," nikasema. Nilikuwa nawajua labda nusu.

Akaingia ndani, akatoka na kilemba cha kijani, akarudi, akatoka na cha njano. Alisema cha njano kitawafaa zaidi, wasione tofauti kubwa mno na ua. Nikampiga picha akiwa amekaa kando ya dirisha, mwanga ukimwangukia usoni moja kwa moja. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye mnayemwona siku zote?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Basi mmenivumilia sana."

Akacheka. Kundi lilimpokea kwa shangwe ambayo sikuitarajia. Watu wa mbali walimwambia kwamba anafanana na mama zao. Hata Fundi Simu, baada ya salamu, alikiri kwamba kilemba kimekaa vizuri kuliko beki wetu wa kushoto. Wiki mbili hizo Mwalimu alikuwa na furaha ya msichana. Alijifunza kujipiga picha mwenyewe, akabadilisha vilemba, akaniuliza faraghani ipi imekaa vyema, ya kutazama mbele au ya upande. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na hamu ya kuonwa. Aliificha miaka yote ile nyuma ya vichwa vya watoto, na mimi nilipoifungulia mlango ilitoka mbio. Katika yote yaliyofuata, ni furaha hiyo inayoniogopesha zaidi kuikumbuka.

Kisha ikaja mechi ya timu hizo mbili. Asubuhi yake Mwalimu aliandika kama kawaida: "Msisahau mnacheza na watu wa wapi. Mshambuliaji wenu mwambieni afunge kamba za viatu vizuri leo." Kipindi cha pili mshambuliaji huyo alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa, goti likageukia upande usio wake. Alitolewa kwa machela akiwa amejifunika uso kwa jezi. Timu yetu ikashinda. Mwalimu aliandika pole, sentensi mbili, zenye salamu.

Fundi Simu, kwa hasira ya kufungwa na kwa mazoea ya utani, alichukua ile picha ya kwanza, ya kando ya dirisha. Chini yake akabandika maneno ya asubuhi kama yalivyoandikwa, na juu yake akaandika: MTAALAMU WA SUMBAWANGA, KAZI IMEISHA. Akawatumia rafiki zake sita wa Dar es Salaam. Sita tu, aliniambia baadaye, akahesabu kwa vidole ili nimwamini.

Kufikia kesho yake mchana picha hiyo ilinirudia mimi kutoka kwa watu watano nisiowajua. Walikuwa wameiongezea wekundu machoni. Chini yake watu walikuwa wakibishana, na nilisoma mabishano yale nikitafuta mahali palipo na kicheko. Mwanzoni kilikuwapo. Kadiri nilivyoteremka kilipungua. Mmoja aliandika kwamba bibi yake aliuawa na mtu mwenye macho kama hayo. Mwingine aliuliza: "Huyu anakaa wapi?" Wengi wakarudia swali hilo.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na naomba nilieleze vizuri, kwa sababu ni kosa ambalo mtu asiyekulia kwetu asingelifanya. Katika vijiji vya Ufipa anayeogopwa ni yule asiyejulikana anakokaa. Mgeni akipita njiani watu hukaa macho mpaka atokee mmoja aseme: huyu ni wa nyumba ile, jirani na fulani, ana migomba miwili mlangoni. Hapo mioyo hutulia, mtu hupewa kiti. Kumtetea mtu kwetu ni kutaja kwake. Ndivyo nilivyolelewa, na Mwalimu ni mmoja wa walionilea hivyo. Basi nilipoona nchi nzima inauliza anakaa wapi, mimi, kwa jina langu kamili na sura yangu, niliwajibu. Niliandika kwamba huyu ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, anakaa mtaa fulani, nyumba ya rangi fulani karibu na kanisa fulani, ana alizeti uani, na kwamba yeyote mwenye shaka aende akawaulize majirani.

Nilituma, nikaona nimefanya jambo la haki. Nikampigia simu kumweleza.

Nilimsikia akizima redio kwanza.

"Umewaambia nakaa wapi?"

"Ili wajue wewe ni mtu wa watu, Mwalimu."

"Mwanangu," akasema, polepole sana, "kijijini ukitaja nyumba yangu, anayesikia ana nyumba nami naijua. Hao wana nyumba wapi?"

Nilifuta maneno yale ndani ya dakika hiyo. Yalikuwa yamekwisha pigwa skrinishoti.

Siku ya tatu walikuja vijana wawili kwa bodaboda, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Hawakuwa na silaha wala hawakupiga kelele. Walisimama mlangoni pake, wakageuka, wakajipiga picha na nyumba, wakacheka, wakaondoka. Kesho yake wakaja wengine. Mmoja alikunja uso kama anayenusa kitu, akachuma ua moja la alizeti, akalishika kwa ncha za vidole mbele ya kamera kisha akalitupa kama limemuunguza. Mwalimu alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Aliniambia aliwatazama nyuso zao vizuri, kwa sababu ya mazoea ya kazi, akijaribu kukumbuka kama amewahi kumfundisha hata mmoja.

Hao hawakunitisha sana. Walionitisha ni wale waliomfahamu. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mama mwenye mtoto wa darasa la pili, ambaye kila jioni alivuka kwenda kwa Mwalimu kusoma. Wiki hiyo mtoto akapata homa. Nilimkuta mama huyo bombani na ndoo yake.

"Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Anaendelea. Wamesema ni malaria." Akaitazama ndoo ikijaa. "Mimi siamini yale waliyoandika. Nimekaa naye miaka tisa."

"Najua, mama."

"Lakini mtoto akiumwa, utafanyaje?" Akafunga bomba. "Zamani nilikuwa namjua. Sasa sijui kama nilikuwa namjua."

Mtoto alipona. Hakuvuka tena. Dukani watu walimwachia Mwalimu nafasi mbele ya foleni, kwa adabu ya kutisha, ili aondoke upesi. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Walimwitikia salamu, ndiyo, lakini macho yao yalikuwa kwenye mikono yake. Mwenyekiti wa mtaa, tulipomwendea mimi na Mwalimu, alitusikiliza vizuri, akapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na watu, kisha akaniita kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ingekuwa vyema Mwalimu asitembee peke yake kwa sasa. Mara moja, mchana, jiwe lilitua juu ya bati. Moja tu. Mwalimu alilikuta uani, akaliingiza ndani, akaliweka juu ya meza kati ya miwani na madaftari yake. Nilipoliona pale sikuweza kunywa chai aliyonimiminia.

Fundi Simu alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Ulikuwa utani. Naapa, nilituma kwa watu sita."

Mwalimu hakumkaribisha kiti. "Ulipoichukua sura yangu, ulinisalimu kwanza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nisalimie sasa."

Akachuchumaa, akapiga makofi. Yalisikika mazito, yenye adabu zote. Mwalimu alimtazama na hakuitikia. Fundi akaendelea kupiga. Mwishowe Mwalimu alipiga yake, mara mbili, kwa sauti ndogo, akasema, "Haya. Nimekuitikia kwa sababu ya mama watoto. Wewe mwenyewe bado." Kisha akaingia chumbani, akatuacha na lile jiwe mezani. Fundi Simu aliniuliza, akinong'ona, kama nadhani watamfanya nini.

Mwalimu aliondoka kabla ya alizeti kukomaa. Alichukua mfuko mmoja na redio. Hakuniambia anakwenda wapi, wala sikumuuliza. Tulikuwa tumejifunza, mimi na yeye, kwa njia mbili tofauti. Namba yake haikupatikana tena. Ndege walikula zile mbegu zote uani. Nililifunga Jukwaa, na nimeomba picha ile iondolewe kila mahali ninapoiona, lakini haina mahali. Juzi imenifikia tena, imebandikwa maneno ya mechi nyingine, ya timu nyingine, na watu wasiojua hata Sumbawanga iko upande gani wa nchi. Chini yake mtu alikuwa ameuliza anakaa wapi.

Nilimwona mara moja baada ya hapo. Kutoka Sumbawanga kuna barabara nyingi: ya Namanyere inayoendelea hadi Kirando, ya Kate, ya Mpanda, ya Tunduma, ile inayoteremka bondeni. Nilikuwa nimekwenda na mojawapo, kikazi. Ilikuwa siku ya soko, saa tisa alasiri. Kwenye kibanda cha maharage alisimama mama mmoja mwenye miwani nyeusi na mtandio wa rangi ya udongo, akichambua maharage kwa vidole, akitupa mabovu pembeni kwa namna ya mtu anayesahihisha.

Kibanda cha pili vijana watatu walikuwa wameweka redio juu ya gunia. Timu yetu ilikuwa ikicheza. Sauti ya mtangazaji ikapanda, ikapanda, ikapasuka: bao. Vijana wakarukaruka. Mkono wa yule mama ulisimama juu ya maharage. Kisha ukaendelea.

"Bibi," mmoja akamwita kwa furaha, "na wewe ni shabiki wa nani?"

"Mimi mpira siujui, baba."

Sauti ilikuwa ile iliyonifundisha kusoma. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alinyanyua uso, miwani ikanielekea, na kabla sijafikiri lolote mikono yangu ilikuwa imekutana, magoti nayo yameanza kukunjika, kama yalivyofanya tangu nikiwa na miaka saba. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, mtu mwingine angedhani anafukuza nzi.

Nikaitenganisha mikono. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Yule kijana alikuwa ameona. "Kaka, mnajuana na bibi yetu? Huyu kaja hapa hatujui kwao ni wapi. Haongei na mtu."

Wote watatu waliniangalia, bila ubaya wowote, wakingoja nifanye kile ambacho kwetu hufanywa: nitaje nyumba, nitaje jirani, wampe kiti. Maneno yote yalikuwa yamepangika mdomoni. Mmoja wao alikuwa ameshika simu.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Nikampita kwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya moshi wa kuni kwenye mtandio wake. Hakunitazama. Alikuwa amemaliza kuchambua, naye akapangusa vumbi la maharage mikononi: mara mbili, polepole, viganja vikiwa vimekunjwa.